Kisigino cha Bibi Kornelia

Kila asubuhi kule Endasak, moshi ukianza kutoka jikoni, Bibi Kornelia alikuwa tayari yuko zizini. Alimkamua ng'ombe wake mwenyewe. Ng'ombe huyo aliitwa Madoa. Alikuwa mkaidi sana. Mikono aliyoikubali ni ya Bibi tu.

Kisha masika ikaja. Bibi aliteleza kwenye korongo dogo, lile linalotenga nyumba yao na ya jirani yao Nikolausi. Mguu ukavimba kwenye kifundo. Mwanawe, Margwe, alimpeleka zahanati kwa mkokoteni. Mganga akaupima, akasema mfupa uko salama.

Baadaye uvimbe uliisha. Maumivu yakaisha pia. Lakini Bibi hakurudi zizini.

Zita, mke wa Margwe, alimtunza mama mkwe wake kwa moyo. Maji alimletea. Chakula alimletea. Hata maharage ya kuchambua alimwekea mapajani.

"Kaa, mama, usiinuke," alisema kila mara.

Margwe naye alifanya kazi kwenye shamba la ngano la serikali, kule chini uwandani. Siku moja alirudi na mabuti makubwa ya mpira.

"Mama, vaa haya. Hayatelezi."

Bibi akayavaa. Miguu yake ikacheza ndani kama mchi kwenye kinu.

Zita alikuwa mtu wa kutazama. Aliona jambo, likamshangaza. Mguu umepona, mbona mama anatembea vibaya kuliko wakati umevimba? Akienda chooni aliburuta nyayo. Alishika ukuta. Macho yake yalikuwa chini tu, kama mtu aliyedondosha sindano.

Na Madoa? Zita alijaribu kumkamua. Ng'ombe akabana maziwa, akapiga kibuyu teke. Maziwa yakabaki ya ndama tu.

Jioni moja Margwe alisema, "Mavuno ya ngano yakiisha, yule mfugaji Gidahosh atapita hapa akitoka mnadani Katesh. Nitampa Madoa aende naye Hirbadaw. Atamtunza kwenye kundi lake."

"Unagawa ng'ombe wangu nami ni mzima?" Bibi aliuliza.

"Mama, nani atamkamua?"

Bibi aligeuza uso kwenye moto. Usiku ule hakugusa chakula.

Kesho yake Nikolausi alikuja kuazima shoka. Zita alimtazama akipanda korongo. Alipanda upesi, bila fimbo. Nikolausi huyu ndiye dereva wa kombaini, mashine ya kuvunia ngano, aliyevunjika kifundo cha mguu mwaka uliopita, aliporuka chini kutoka juu ya mashine.

"Shemeji, nikuulize," Zita alisema. "Wewe ulivunjika kabisa. Mama aliteguka tu. Mbona wewe unapanda mlima, na yeye hafiki hata zizini?"

Nikolausi akaweka chini shoka alilopewa.

"Swali hilo mimi nililiuliza hospitali. Nami nikuulize. Ng'ombe wa plau amepumzika kiangazi chote. Siku ya kwanza, utalima naye shamba zima?"

"Aa! Si atalala katikati ya shamba?"

"Basi. Mguu nao ni hivyo hivyo. Nyama hizi za nyuma zinainua kisigino. Hizi za mbele zinainua vidole usijikwae. Ukikanyaga jiwe, zote zinashirikiana kukushika. Zikikaa bila kazi, zinalegea. Mtu akiona miguu inamlegea, anaogopa. Akiogopa, anakaa. Akikaa, inalegea zaidi."

Zita aligeuka akatazama mlango wa nyumba. "Kumbe ndiyo maana. Na sisi kutwa tunamwambia akae."

"Mguu ulipokuwa umevimba mlifanya vizuri. Sasa umepona, unataka kazi. Twende tumwone."

Waliingia ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniaga? Nasikia vitu vya nyumba hii vinagawiwa."

Nikolausi akacheka. Kisha akauliza taratibu. "Mguu unauma ukiukanyaga? Ukisimama unasikia kizunguzungu?"

"Hapana. Naogopa tu."

"Sawa. Ungesema ndiyo, tungerudi zahanati kwanza. Sasa vua hayo mabuti. Hayo ni ya mtu mwenye mguu kama jembe."

Bibi akavua. Akiwa ameketi kwenye kigoda, Nikolausi alimwambia ainue vidole, visigino vibaki chini. Kisha ainue visigino, vidole vibaki chini. Kisha azungushe kifundo, kama anachora sufuria hewani.

"Hii ndiyo dawa?" Bibi aliuliza. "Mbona haina uchungu?"

"Subiri. Sasa simama. Shika nguzo ya nyumba kwa mikono yote. Inua visigino polepole, ushushe polepole."

"Nisimame kwa vidole kama paka anayenusa nyama darini?"

"Mama, wazee wanasema ulipokuwa msichana uliruka ngomani mpaka vumbi likakimbia. Kuruka kulianzia wapi? Si kwenye kisigino?"

Bibi alimtazama kwa hasira. Akashika nguzo. Visigino vikainuka kidogo sana. Mguu ulitetemeka.

"Unatetemeka!" Zita alisema.

"Umeamka huo, shemeji. Akichoka apumzike. Ukimuuma, aache. Asifanye peke yake, wewe kaa karibu. Lakini usimvute mkono. Mwache akushike kiwiko yeye mwenyewe."

Tangu siku hiyo Zita aliacha kuleta kila kitu. Bibi alitaka maji? Waliyafuata pamoja kwenye mtungi. Asubuhi na jioni alishika nguzo. Zita aliondoa magunzi na kamba zilizolala njiani. Margwe alimnunulia katambuga, viatu vya tairi, vyenye mkanda wa nyuma, vikamkaa vizuri. Siku nyingine Bibi alinuna, akakataa. Zita hakumlazimisha. Alienda nje akamwita Madoa kwa sauti. Madoa akilia, Bibi aliinuka mwenyewe.

Kwanza alifika mlangoni. Baadaye akafika kwenye kichuguu kilicho nusu ya njia ya zizini. Zita aliona macho ya mama yameacha kutazama chini.

Mavuno yakaisha. Gidahosh akaja na fimbo yake, na kamba begani. Margwe alikwenda zizini kumfunga Madoa.

"Acha kamba hiyo," sauti ilisema.

Bibi Kornelia alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, na mkongojo mkononi. Alishuka. Alipita kwenye samadi na mashimo yaliyochimbwa na kwato. Aliweka mguu, akausikiliza, kisha akaweka mwingine. Zita alitembea kando yake, mikono chini.

Bibi aliketi kwenye kigoda, maana kuchuchumaa alikuwa hajakuweza bado. Zita akaleta ndama, ndama akanyonya kidogo. Bibi akagusa chuchu. Maziwa yakalia ndani ya kibuyu: shwaa, shwaa.

Gidahosh akaikunja kamba yake.

"Margwe, ng'ombe huyu ana mwenyewe. Mimi simchukui."

"Nami nimeona," Margwe alisema. "Nilidhani nampunguzia mama mzigo."

Alimpa Gidahosh maziwa. Kisha akachukua jembe, akaenda korongoni. Alichimba ngazi pana kwenye kingo zote mbili, akapigilia nguzo za kushikia.

Jioni Zita alijaza kibuyu kidogo.

"Mama, ngoja nimpelekee Nikolausi maziwa yake."

"Maziwa ya ng'ombe wa nani?"

"Wako, mama."

"Basi shika kibuyu unifuate. Nitamkabidhi mwenyewe."

Bibi akatangulia kuelekea korongoni. Alishika nguzo ya Margwe, akapanda. Zita, nyuma yake, alitazama kisigino cha mama kikiinuka, kikishuka, kikiinuka.