Kengele Haikulia Jikoni

Kila Jumamosi alasiri, mzee Tauno huwasha jiko la umeme lenye mawe, la sauna. Chumba hicho cha mvuke alikijenga pamoja na mkewe Aune, wakaoga humo miaka arobaini na miwili. Tangu Aune azikwe mwezi wa tatu, mzee anaoga peke yake.

Miguu yake haina nguvu tena. Kwa hiyo binti yake, Outi, alinunua rimoti yenye kitufe kimoja. Aliifunga chini ukutani, ndani ya sauna, mahali pasipo joto kali. Ukibonyeza, jiko linazimika na kengele inalia jikoni. Alinunua pia kiongeza mawimbi, kijisanduku kinachopokea ujumbe wa rimoti na kuupeleka mbele. Akakichomeka kwenye korido, kikigusana na ukuta wa sauna.

Jumamosi moja mzee aliteleza. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Outi alikuwa jikoni akimenya viazi, asisikie kitu. Alimkuta baada ya nusu saa, amelala sakafuni, analia bila sauti.

"Sauna naifunga, baba," Outi alisema.

"Funga. Na mimi unifungie humo humo."

Jumatano akaja jirani yao Pirjo, fundi umeme mstaafu. Alikitazama kile kijisanduku.

"Nani kakiweka hapa?"

"Mimi," Outi alijibu. "Ndipo karibu kuliko pote."

"Karibu, ndiyo. Tauno, ndani ya ukuta huu uliweka nini?"

"Karatasi ya alumini, kama kila mtu. Bila hiyo joto linatoroka. Aune alishika, mimi nikapigilia."

"Basi mlifanya kazi nzuri kupita kiasi. Joto halitoki, na mawimbi ya rimoti nayo hayatoki. Yanagonga alumini yanarudi."

Outi aliinamisha uso. "Lakini nilijaribu. Kengele ililia."

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Ulikuwa wazi."

Pirjo hakumlaumu. Alikihamishia kijisanduku kwenye chumba cha kuvulia nguo, mkabala na mlango wa kioo wa sauna.

"Kioo hiki kinapitisha mawimbi," alisema. Kisha akaiunganisha rimoti upya, ipitie kwenye kijisanduku hicho. "Sasa tazama taa ya rimoti. Ikiwaka kijani, ujumbe umefika na jibu limerudi. Ikiwaka nyekundu, haukufika. Jaribu kila Jumamosi kabla baba hajaingia. Funga mlango, kaa sakafuni, ubonyeze."

"Nikae sakafuni?"

"Ndipo baba yako alipokuwa."

Outi akaingia, akafunga mlango, akakaa kwenye mbao baridi. Alibonyeza. Taa ikawaka kijani, na kengele ikalia jikoni. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Jumamosi iliyofuata alijaribu tena, ikawaka kijani. Mzee akaingia kuoga. Haukupita muda, kengele ikalia. Outi aliacha kisu, akakimbia.

Jiko lilikuwa limeshazimika. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi la chini, mzima.

"Baba, umeanguka?"

"Sijaanguka. Mama yako alikuwa akija mlangoni kuniuliza kama maji yanatosha. Nilitaka mtu aniulize."

Outi alivua viatu, akaketi kizingitini.

"Maji yanatosha, baba?"

"Yanatosha, mwanangu."