Kamba ya Mgomba kwenye Mkono wa Tabea

Ezra wa kijiji cha Kikwe hanunui kamba dukani. Majani ya ng'ombe, mlango wa banda, mzigo wa kuni, vyote anavifunga kwa kamba ya mgomba. Anaichana ikiwa mbichi, anafunga, yamekwisha.

Juma moja mke wake, Tabea, aliugua nimonia. Kwenye zahanati walimwekea kanula mkononi, kile kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa. Wakamwambia, "Nenda nyumbani, uwe unarudi asubuhi na jioni kwa sindano." Basi. Hawakuongeza neno.

Lakini ng'ombe hajui nimonia. Tabea akaenda kukata majani. Plasta ikalowa, ikabanduka, kanula ikalegea.

"Baba Nancy, hiki kitu kitatoka," alisema.

"Lete mkono."

Ezra akachana kamba mbichi, akaizungusha mara tatu, akakaza. Utomvu ukachuruzika mpaka kwenye kanula.

Kesho yake Tabea alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Mwili ukawa moto, akaanza kuweweseka. Ezra akampeleka hospitali kubwa mjini Arusha. Huko wakaitoa ile kanula, wakachukua damu ya kupima.

Siku nne zikapita bila nafuu. Kila Ezra alipouliza, alijibiwa, "Tunasubiri majibu." Siku ya tano uvumilivu ukamwisha. Akasimama kwenye korido, mbele ya wagonjwa na ndugu zao, akafoka.

"Sindano zenu chafu ndizo zinamuua mke wangu! Leteni karatasi nisaini, namtoa leo!"

Fransiska, mtaalamu wa maabara, akatoka na majibu mkononi. Naye alikuwa amekasirika.

"Baba, foka utakavyo. Lakini ukimtoa leo utamzika. Ana bakteria kwenye damu."

"Wametoka kwenye sindano zenu!"

"Wametoka shambani."

Ezra akacheka kwa hasira. "Shamba liingie kwenye damu? Binti, usinifanye mtoto."

"Hata sisi hatukuamini," Fransiska alisema. "Bakteria huyu anaishi kwenye mimea. Ni nadra sana kumkuta ndani ya mtu. Mwanzo tulidhani ni uchafu tu umeingia kwenye kipimo. Tukapima tena, yuleyule. Vipimo vya kawaida vikashindwa kumtambua. Ndipo tukasoma vinasaba vyake vyote."

"Vinasaba ndiyo nini?"

"Ni maelekezo yaliyo ndani ya kila kiumbe hai, kama maandishi marefu. Ndama anafanana na mama yake kwa sababu ya hayo. Mashine imeyasoma yote, tukamjua ni nani. Dawa inayomuua pia tumeipata, na mke wako anaianza sasa hivi. Haya, niambie. Ile kanula ilikuja imelegea, bila plasta. Mliifunga kwa kitu gani?"



"Kamba ya mgomba," Ezra alisema. Kisha hasira ikampanda upya. "Lakini nani alituambia? Nani alisema tusiende shambani? Walisema rudi asubuhi na jioni, basi!"

Fransiska akashusha pumzi. "Hapo nakubali, una haki ya kukasirika. Mlipaswa kuambiwa. Mwenye kanula hafanyi kazi ya shamba. Kanula haiguswi na maji wala udongo, na hafungiwi mtu jani wala kamba. Plasta ikibanduka, mnarudi zahanati saa hiyohiyo. Akipata homa, mnawahi hospitali. Sasa niletee kipande cha mgomba uleule."

Ezra alikileta. Majuma mawili baadaye majibu yakatoka. Bakteria wa kwenye mgomba na wa kwenye damu walikuwa na vinasaba karibu sawasawa.

Tabea alikuwa ameshapona. Walipotoka hospitali, Ezra alipitia zahanati moja kwa moja. Alisema yote bila kupunguza sauti. Tangu siku ile, hakuna mgonjwa anayetoka pale na kanula bila kuelezwa namna ya kuitunza, na mgonjwa mwenyewe anatakiwa kurudia alichoelezwa.

Siku ile, njiani kurudi nyumbani, Tabea alimgeukia mumewe.

"Ni kweli ulitaka kunitoa siku ile?"

"Ni kweli."

"Kabla hujauliza naumwa nini?"

Ezra alitazama chini. "Nilikuwa na hasira."

"Hasira yako ingenizika mimi, si wewe," Tabea alisema. "Siku nyingine uliza kwanza. Wakikosa kukujibu, foka, nami nitakusaidia."