Wakfu wa Shuaibu

Mpaka leo Wahida hajajua ni mkono gani uliokuwa ukiurudisha ule mstari. Husimulia bila kuapa, wala haombi aaminiwe.

Ilikuwa Jumatatu ya kawaida ofisini kwao Mapinga. Feni inazunguka, chai imepoa. Bosi wake, Mikdad, alimpa kazi nyepesi: abadili leseni, yaani masharti ya matumizi, ya Bamvua, programu ya simu inayowaonyesha wanawake wa Mlingotini saa za maji kupwa, waingie kwenye mashamba yao ya mwani. Shuaibu, mwenzao wa zamani ofisini aliyeiunda, alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo haikuwa na mtu wa kuitunza. Aliiacha wazi. Mwanzoni kabisa mwa leseni aliandika: "Wakfu kwa wote. Atakayeitengeneza, naye aiache wazi." Mikdad alitaka iwe mali ya kampuni, na asiyelipa afungiwe.

Wahida akaufuta mstari. Akahifadhi. Akafungua tena, mstari upo. Jina la aliyeurudisha: Shuaibu.

Akaifunga akaunti ya marehemu. Akafuta. Ukarudi.

Akachomoa waya wa intaneti. Akafuta. Safari hii akaona. Vitufe vilibonyea vyenyewe, kimoja kimoja. Baada ya "kwa wote" vikatulia, kama Shuaibu alivyozoea kutulia apige funda la kahawa.

Wahida akalisikia funda likimezwa.

"Mjane wake atasaini," Mikdad, aliyekuwa akitazama nyuma yake, alinong'ona, simu tayari sikioni. "Mrithi akiridhia, marehemu atatulia."

Kuruthumu, mjane mwenyewe, akafika adhuhuri, viganja vimepauka kwa kazi ya mwani. Mikdad akamsogezea kalamu.

"Shemeji, ni karatasi tu."

"Hata talaka ni karatasi tu, Mikdad. Wakfu haurithiwi. Mume wangu alishautoa. Mimi nitie saini kwenye nini?"

"Basi, Wahida, futa. La sivyo kesho usije."

Wahida alikuwa na hofu tangu asubuhi. Hapo ndipo alipogundua kwamba hakuwa akimwogopa aliyekufa.

"Futa mwenyewe."

Mikdad akabonyeza. Kitufe kikazama. Hakikupanda. Pakachuruzika maji, yakamlowesha kidole, yakakauka papo hapo kuwa chumvi nyeupe. Akanawa. Ikatoka tena. Bahari iko mbali na ofisi ile. Mpaka Ijumaa alikuwa bado ananawa.

Wanawake hao wawili wakaamua mchana uleule wa Jumatatu, Mikdad akiwa bombani: leseni ibaki ilivyo, na wakfu uwe na msimamizi. Wahida akaandika jina la Kuruthumu chini ya ule mstari, akijua kazi yake pale imekwisha. Kisha akampisha kitini. Mjane, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, akabonyeza mwenyewe kuhifadhi, kwa nguvu, kama anayekaza fundo la kamba ya mwani shambani.