Bakuli Moja la Wali

Kila mwaka ukoo ulikusanyika nyumbani kwa Bibi Mal-sun kumfanyia tambiko marehemu mumewe, ambapo kila aliyekufa huwekewa mezani bakuli lake la wali. Mkwe wake, Seon-yeong, alipika tangu alfajiri. Alibandika mlangoni neno la siri la intaneti, ili mgeni asipate taabu ya kuuliza.

"Mezani weka bakuli moja tu la wali," Bibi alimtania. "La kwangu bado."

Bibi alikuwa mgonjwa wa moyo. Mashine chumbani mwake ilipeleka mapigo yake zahanati kwa njia ya intaneti. Asubuhi ile Seon-yeong aliichomoa ili apitishe meza ya tambiko. Alipoichomeka tena, wageni wakiwa wameshajaa, taa yake ilibaki nyekundu. Hakuitazama.

Wageni wakiwa wanakula, Bibi alizimia chumbani peke yake. Zahanati haikujua lolote. Aliyemkuta ni jirani, Ok-hui, aliyekuja kurudisha sufuria.

Bibi aliporudi kutoka hospitali, Seon-yeong alimlilia Ok-hui. "Dada, mashine ilikuwa inawaka. Mbona haikusema?"

"Haikuwa na anwani," alijibu Ok-hui, ambaye hutunza kompyuta za shule. "Kila kifaa huomba anwani kwa kile kisanduku cha intaneti. Chenu kimewekwa kigawe anwani ishirini tu. Ulipoichomoa mashine, simu za wageni zilizimaliza, pamoja na ile yake."

"Sasa nifanyeje?"

"Kila kifaa kina namba yake tangu kiwandani. Tuandikishe vya nyumbani, na mashine tuiwekee anwani yake isiyoguswa. Kisichoandikishwa hakipewi. Na neno la siri tulibadilishe, maana mjanja anaweza kuiga namba."

Bibi alikunja uso. "Nimnyime mgeni? Watu watasemaje?"

"Mama, mgeni hukaribishwa sebuleni," alisema Ok-hui. " Halazwi kitanda cha mgonjwa. Tutawafungulia njia yao peke yao."

Bibi akamwonyesha Ok-hui kilipo kisanduku. "Haya, fanya."

Mwaka uliofuata ukoo ulikuja tena. Gyu-cheol, mwana mkubwa wa Bibi, alitikisa simu yake.

"Shemeji, mwaka jana niliingia bila shida. Siku hizi mmekuwa wachoyo?"

Seon-yeong alishikwa na aibu. Bibi akajibu mwenyewe.

"Mwaka jana ulikalia kiti cha moyo wangu, mwanangu. Njia ya wageni ipo. Tumia hiyo."

Gyu-cheol aliinamisha kichwa.

Seon-yeong alikwenda chumbani kuitazama mashine. Taa ilikuwa ya kijani. Akarudi, akapakua wali wa tambiko, akauweka mezani. Bakuli lilikuwa moja tu.