Kiwanja hadi Kiwanja

Bisha. Bisha tu, Abdi, si wewe ndiye mjuaji wa kijiwe? Shule niliiacha darasa la sita, lakini safari ya angani, Misima hadi Korogwe, hakuna mwalimu wa kunifundisha. Mimi Enock nimeruka.

Jioni ile nilikuwa napeleka mahindi mashineni kwa bodaboda. Simu ikalia. Dada yetu mkubwa, Pendo, analia.

"Enock, Dorkasi amejifungua, damu haikati! Hospitali hapa Korogwe damu ya kundi lake imeisha. Njoo wewe!"

Dorkasi ni pacha wangu. Damu yake ndiyo yangu.

Nikatupa magunia njiani. Mvua ilikuwa imepiga wiki nzima. Kufika darajani, daraja halipo. Maji tu, mekundu, yanabeba miti. Mimi ninayewacheka wenzangu kwa uoga, nililia kama mtoto. Nikakatisha kwenye kiwanja cha ndege cha zamani, kile cha shamba la mkonge, kutafuta njia nyingine.

Shwaa... shwaa...

Mtu anapeta. Giza linaingia, nani anapeta saa hizi?

Bibi kizee, katikati ya kiwanja. Ungo mtupu. Harufu ya nywele zilizoungua.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. "Korogwe?"

"Ndege yako iko wapi, bibi? Nikate tiketi?" Mdomo wangu huu, hata nikifa utatania.

"Kwa barabara utamkuta ameshafunikwa shuka," akanong'ona. "Kwa huku, kiwanja hadi kiwanja, tema mate hapo chini, hayatakauka kabla hujafika. Vua viatu. Fumba macho. Jina la Mungu usilitaje."

Nikampigia Pendo. "Dada, naja." Nikaingia kwenye ungo, simu sikioni. Usiniulize nilienea vipi.

Tumbo likabaki chini. Baridi... Mto ukanguruma chini yangu, kisha kimya. Nikataka kusema Mungu wangu.

Nikang'ata ulimi.

Nikafumbua macho. Mikonge. Kiwanja kingine, na mbele yangu taa za Manundu, Korogwe kabisa. Pendo alikuwa bado anasema, "Fanya haraka..."

Nilikimbia peku hadi hospitali. Wakanitoa damu. Dorkasi akapona. Mtoto wake alikata pumzi nilipokuwa navuka mlango. Muuguzi akasema hutokea. Hakukuwa na matanga; wanawake walimzika wenyewe, kimya kimya.

Unacheka? Cheka. Kuna kipande nimekiruka.

Kabla sijaingia kwenye ungo, bibi aliniuliza: "Sirudi mtupu. Nirudi na nani?"

Nikajiona mjanja. "Rudi na asiye na jina."

Kila mtu ana jina, nikawaza. Nimempiga chenga kizee huyu. Abdi, mimi niliyekulia nyumba moja na wanawake wanaojifungua, nilisahau kwamba kwetu mtoto hapewi jina mpaka kitovu kidondoke.

Dorkasi hajui. Juzi ameniambia jina alilokuwa amemtunzia.

Enock.

Sasa akiniita jioni kutoka jikoni, nachelewa kuitika. Si dharau, ndugu yangu.

Kuna anayeitika kabla yangu.