Kompyuta ya Amondi Haifutiki

Trei ya draivu ilitoka yenyewe, bila mtu kugusa kitufe. Ndani yake hamkuwa na diski. Kulikuwa na harufu tu, ya majani ya chai yaliyoungua.

Caren Chepngeno aliirudisha kwa kidole na kuendelea kufungua mkoba wake. Alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta mjini Sotik, na trei zilizochakaa alizizoea. Kuhusu harufu, alikuwa ndani ya kiwanda cha chai upande wa Kimulot. Angetarajia kunusa nini kingine?

Aliyemwita ni meneja wa kiwanda hicho cha watu binafsi, Clifford Otiende, mtu wa makamo aliyetoka kando ya ziwa, mpole wa maneno na mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alimweleza kwamba kompyuta ile ina virusi. Alitaka kila kitu kifutwe na mfumo mpya uwekwe Jumamosi hiyo hiyo, kwa sababu Jumatatu kulikuwa na wageni. Caren alipouliza kama kuna faili za kuhifadhi kwanza, alijibu kwamba hakuna. Alijibu haraka mno, kabla swali halijaisha.

Kibandiko kwenye mashine kilikuwa na jina la aliyekuwa akiitumia: Amondi. Caren alilikumbuka jina hilo. Majuma matatu nyuma habari zilifika mpaka Sotik kwamba moto ulizuka katika chumba cha kukaushia chai, na karani wa usalama wa mashine akafia humo peke yake, kwa kuwa mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli kutoka nje. Uongozi ulisema marehemu mwenyewe ndiye aliyepoteza ufunguo. Caren aliingiza diski yake.

Draivu ilikoroma kidogo, ikaitema. Akaijaribu tena, ikaitema tena. Clifford, aliyekuwa amesimama nyuma yake muda wote, akauliza kwa sauti ya chini:

"Kwani aina ya draivu inaweza kuzuia mfumo usiingie?"

"Inaweza, kama haisomi diski uliyo nayo," Caren alisema. "Hii ni ya zamani, inasoma CD peke yake, na mimi nimekuja na DVD. Nikipata draivu ya DVD, iwe ya kampuni gani, itafanya. Kazi yake ni kusoma tu. Mfumo ukishaingia, hata ukiing'oa hiyo draivu, kompyuta haina shida."

Clifford alionekana kupumua. Ni kama alikuwa amehofia jibu lingine.

Mashine ilikuwa kuukuu, haikukubali kuwaka kwa flashi, kwa hiyo Caren alikwenda stoo akaomba draivu kwenye kompyuta iliyokufa. Kipruto, mtunza stoo, alimsaidia kulegeza skrubu. Aliposikia draivu inapelekwa kwa mashine gani, mikono yake ilisimama. Alimwambia Caren kwamba tangu mazishi hakuna karani aliyekubali kukaa kwenye kiti kile, na kwamba marehemu alikuwa binamu ya meneja mwenyewe, mtoto wa mama yake mdogo. Meneja ndiye aliyemleta huku kufanya kazi. Kisha akasema hataki kuonekana akiongea, akamgeuzia mgongo.

Ilikuwa inakaribia saa tisa mchana Caren alipomaliza kuifunga draivu ya pili. Nje ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Mau ukafunika mashamba, na mvua ya mawe ikaanza kugonga mabati. Diski ilisomwa mara moja. Ukurasa wa kuchagua lugha ukaja, ukafuata wa masharti, ukaja ule unaouliza ni sehemu gani ya diski kuu ya kompyuta ifutwe. Caren akapeleka kidole kwenye kitufe.

Ndani ya draivu kitu kiligonga.

Ngo, ngo, ngo. Mara tatu, kisha kimya. Haukuwa mlio wa diski iliyokwama. Huo aliujua kama anavyojua sauti ya mama yake. Huu ulikuwa wa ngumi juu ya chuma. Trei ikatoka, na diski iliyokuwa ndani ilikuwa moto kiasi kwamba Caren aliiachia ikaanguka sakafuni. Upande wa chini ulikuwa mweusi kwa masizi.

"Weka nyingine," Clifford alinong'ona.

"Boss, tatizo si draivu."

"Nimesema weka nyingine."

Alikuwa na draivu mpya kabisa mkobani, ya mteja mwingine ambayo hakutaka kuigusa mapema, bado kwenye mfuko wake wa plastiki, na alikuwa na diski ya akiba. Aliifunga draivu na kuingiza diski, akijiambia kwamba draivu hii haijawahi kuguswa na mtu wa kiwanda hiki, haijui chochote cha mahali hapa. Akawasha. Kurasa zikaja kama kawaida. Alipofika kwenye ule wa kufuta, ngumi zikaanza tena, safari hii bila kuhesabika, kwanza ndani ya draivu, halafu ndani ya ukuta, halafu kwenye mlango wa ofisi nyuma yao, na harufu ya chai iliyoungua ikawa nzito hadi ikamkaa kooni, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine ambayo hakutaka kuipa jina, harufu ya nywele, na mvua ya mawe ikaendelea kupiga mabati hivi kwamba hakuweza kutofautisha tena kinachogonga juu na kinachogonga ndani.

Kisha ukurasa wa kufuta ukapotea kwenye skrini. Mahali pake yakaja maandishi, herufi moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayechapa kwa kidole kimoja.

KAKA FUNGUA

Clifford alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Akashika kitasa, akakizungusha, akakivuta kwa mikono miwili. Mlango haukuwa na kufuli, Caren aliuona ukiwa wazi dakika tano zilizopita, lakini sasa haukusogea hata unywele.

"Ni jachien," alisema. Kwa lugha ya kwao hilo ni jina la roho ya mtu aliyedhulumiwa, ile isiyolala mpaka ilipe kisasi. Alilisema kama mtu anayetaja ugonjwa alioambiwa na daktari zamani. "Amondi, mimi ni ndugu yako."

Sauti ikatoka kwenye trei iliyo wazi. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kavu, ya koo lililojaa moshi, na haikuwa na haraka yoyote.

"Ulikuwa umesimama pale nje, kwenye mizani ya kupimia chai, Kaka. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwako. Nilikuona kupitia tundu la mlango."

Hapo Clifford akayasema yote, akiwa amepiga magoti, na Caren akayasikia. Kwamba yeye ndiye aliyeamuru mlango wa nyuma ufungwe kwa kufuli ili wafanyakazi wasitoe chai kwa siri. Kwamba Amondi aliandika barua baada ya barua akimwonya juu ya mlango ule, na zote zilikuwa humo kwenye kompyuta. Kwamba siku ya moto aliogopa moshi, akasubiri kidogo, akasubiri tena kidogo, hadi kugonga kukakoma. Na kwamba wageni wa Jumatatu ni wakaguzi wa serikali.

Caren alitazama mikono yake mwenyewe. Mikono hii ndiyo iliyotakiwa kumuua Amondi mara ya pili.

"Dada," sauti ikasema, na alijua ni yeye anayeitwa. "Wewe nenda."

Mlango ukafunguka kiasi cha mwili mmoja. Caren alipita kando ya Clifford, ambaye alimshika sketi akimsihi asimwache, na kitu ambacho hakukiona kikaibandua mikono ile kidole kwa kidole. Alipofika nje, mlango ukajifunga. Akasikia ngumi tena, lakini sasa ni Clifford aliyekuwa akigonga.

Ilimchukua Kipruto na wanaume wengine wanne robo saa kuuvunja. Ndani hamkuwa na moto. Hata karatasi moja haikuwa imeungua, na kuta zilikuwa baridi. Clifford alikuwa amelala chini, viganja vimebabuka hadi nyama ikaonekana, mdomo umejaa masizi. Alifia njiani kabla ya kufika hospitali. Daktari aliandika kwamba amekufa kwa moshi, kisha akauliza moto ulikuwa wapi, na hakuna aliyeweza kumwonyesha.

Jumatatu Caren aliiwasha kompyuta mbele ya wakaguzi. Iliwaka bila tatizo. Barua zilikuwa saba, na zote akazichapisha.

Lakini mashine za kiwanda hazikutulia. Kila zilipowashwa, wafanyakazi walisikia mtu akigonga katika chumba cha kukaushia, nao wakakataa kuingia kazini. Uongozi ukamleta Mama Rebeccah, mwombaji wa kanisa la Roho mwenye kanzu nyeupe na msalaba mwekundu kifuani, anayejulikana kwa kutoa mapepo. Akaitwa pia Wilkista, mama yake Amondi, kwa kuwa mwombaji alisema roho ya namna hii huondoka tu ikiagwa na aliyeizaa.

Caren alikuwepo, Wilkista mwenyewe aliomba aje. Mama Rebeccah aliimba, akapiga ngoma, akanyunyiza maji kwenye kizingiti kilichoungua cha chumba cha kukaushia. Kugonga kukapungua, kukawa kama mapigo ya moyo. Ndipo akamgeukia mama.

"Mwambie aende, Mama Amondi. Neno lako tu ndilo limebaki."

Wilkista alitoa barua ya mwisho kati ya zile saba kwenye kitambaa chake na kumpa Caren, akamwomba amsomee walioandikiwa, maana macho yake hayakuona vizuri tena. Caren alisoma kwa sauti. Clifford Otiende, meneja. Okemwa, mkuu wa walinzi. Seth, mkurugenzi. Hao wawili wa mwisho walikuwa wamesimama pale pale mlangoni, kofia mikononi, wakisubiri maombi yaishe.

Wilkista aliwaangalia kwa muda mrefu. Kisha akaweka kiganja chake juu ya ukuta mweusi, kama anayemgusa mtoto mgongoni.

"Maliza kazi yako, mwanangu," alisema. "Mimi nitakungoja nyumbani."