Kadi Aliyoificha Madame Chloé

Treni iliingia Kamina ikiwa imejaa magunia na watu waliochoka, na Chloé, mwalimu wa maktaba ya shule, alikuwa stesheni kupokea katoni mbili za vitabu vya shule. Moja ikapasuka. Mtu mmoja aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mikono yake imejaa mafuta ya pikipiki, akainama na kuvikusanya kwa viwiko ili asivichafue. Fundi gani huyo anayevaa shati jeupe? Chloé akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Jina lake Nyembo. Mwaka mzima alimpigia simu kila jioni, akamwita "bibliothèque yangu", yaani maktaba yake, na kumtania kwamba anapenda vitabu kuliko watu. Sasa ilibaki kungoja Jumamosi tu: wajomba wa Nyembo wangekuja kumposa kwa baba yake, mzee wa kanisa la Wamethodisti.

Jumanne Chloé alikusanya kazi za darasa la sita. Aliwafundisha kutafuta kitabu rafuni, kumhoji mtu, na kuandika kila habari kwenye kadi: nani kasema, lini, na kama alijionea au alisikia. Habari ya mtu mmoja, aliwaambia, itafutie ya pili kabla hujaiamini. Kadi zote hubandikwa ukutani, na Ijumaa wazazi na wazee wa kanisa huja kuzisoma.

Exaucée, binti mwenye bidii kuliko wote, alikuwa amemhoji bibi yake juu ya kukimbia vita upande wa Malemba-Nkulu. Kadi yake ilisema: "Kati ya watu wa porini wenye silaha waliochoma kijiji chetu alikuwemo Nyembo mwana wa Mwila, yule anayetengeneza pikipiki karibu na stesheni. Bibi alijionea."

Chloé alilisoma jina hilo mara mbili. Aliitia kadi mkobani, akamwambia Exaucée imepotea. Tangu siku hiyo simu ikilia aliruka. Aliiogopa sauti ya Nyembo, na aliogopa zaidi kwamba bado anaitamani. Nyembo akapiga mara kumi na moja, kisha akamwandikia ujumbe: mwanamume huyo mwingine ni nani?

Alhamisi mchana akaja mwenyewe maktabani. Chloé alisimama nyuma ya meza makusudi, meza iwe kati yao.

"Niambie jina yake," Nyembo alisema.

Chloé akaiweka kadi mezani. Nyembo aliisoma polepole hadi mwisho.

"Unafundishaka batoto baulize mara mbili. Miye haukuniuliza hata mara moya."

"Niliogopa utasema njo, ni kweli."

"Njo," alisema Nyembo. "Nilikuwako."

Chloé alishika ukingo wa meza. Nyembo akaeleza akiwa ameinamisha kichwa: watu wa porini walimkamata akichota maji, akiwa na miaka kumi na mitatu, wakamfanya mbeba mizigo. Baada ya kijiji kile alitoroka, akatembea wiki tatu akijificha kwenye matete.

"Siyaua muntu, chérie. Lakini essence, ile petroli ya kuchoma zile nyumba, miye njo nilibeba. Ule mama aliona muzuri."

"Juu ya nini haukunielezeaka?"

"Ungenikimbia."

Chloé hakujua kama angekimbia. Alijua tu kwamba aliogopa, na kwamba mtu huyu mbele yake anaogopa kuliko yeye.

Nyembo akamsogezea kadi. "Rudisha hii ya mutoto ku ukuta. Andika na yangu pembeni."

"Baba atasoma."

"Asome."

Chloé akachukua kadi mpya. Akaandika tarehe. Nyembo akavuta kiti, akakaa, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Na Jumamosi," aliuliza kwa sauti ndogo, "bajomba bakuye kukuposa?"

Chloé akaandika jina la Nyembo juu ya kadi. Nje kengele ya shule ililia na wanafunzi wakaanza kutoka madarasani.

"Bakuye," alisema. "Anza kusema, nitaandika."